Daftari la Sehemu Arobaini na Moja

Lori la karatasi lilipunguza mwendo kwenye mteremko, na dereva akamwonyesha mfasiri kwa kidevu nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi kwa nje.

"Ndipo hapo," alisema. "Ukisikia vidole vinakimbia kama mvua juu ya bati, umefika. Na mimi karatasi zangu nazishusha hapo hapo chini, kwa hiyo usinishukuru sana. Nilikuwa nakuja."

Mfasiri hakuwa anaujua mji huo. Ulikuwa mji wake wa kumi na moja katika miaka tisa, na kote alikopita mtindo wake ulikuwa mmoja: kushuka na mkoba mmoja, kusalimia kwa lugha ya wenyeji, na kuondoka kabla watu hawajamzoea. Alijua lugha saba na nusu. Ile nusu aliijua upande wa matusi tu, na ndiyo iliyomfaa zaidi mipakani.

Alipanda ngazi. Chumba alichokikuta kilikuwa kirefu na chembamba kama behewa. Kompyuta sita zilipangwa upande mmoja, madirisha upande wa pili, na katikati palibaki njia ya mtu mmoja kupita, tena awe hajala sana. Kurasa zilizotoka kuchapwa zilining'inia kwenye uzi kwa vibanio vya nguo. Kwenye meza ya mwisho alikaa mwanamke wa miaka arobaini na saba, miwani kaisukuma hadi juu ya paji la uso. Hakuinuka.

"Karibu, kaka. Tulikutegemea Jumatatu, leo Jumatano. Basi una siku mbili za kunikamua yote niliyo nayo kichwani kabla sijakuachia kiti hiki."

Chini ya meza yake palikuwa na sanduku lililokwisha kufungwa kamba.

Ofisini walimwita Mama Mpangilio. Kila mtu alilijua jina lake halisi, ila lilikuwa limekaa bila kazi miaka mingi. Ofisi yenyewe ilitengeneza vitabu vya watoto wa darasa la kwanza, kwa Kiswahili na kwa lugha ndogo ndogo ambazo waandishi wake wote wangeenea kwenye benchi moja. Waandikaji walitumia programu ya kuandikia iliyo tupu kabisa: ukiifungua huoni kitu ila ukurasa mweupe na kijistari kinachopepesa. Rangi, ukubwa wa maandishi, herufi zenye alama, vyote vilitoka kwenye faili moja la mipangilio, na faili hilo lilikuwa mtoto wa Mama Mpangilio. Alikuwa amelilea miaka kumi na moja.

"Lina sehemu arobaini na moja," alimweleza mfasiri mchana huo, wakiwa wameegemea meza moja. "Moja inaleta rangi. Moja inaleta kibodi. Moja inalinda majina ya watu mashine isije ikajidai kuyasahihisha. Kila sehemu ina namba kichwani. Asubuhi programu ikifunguliwa inazisoma zote, inaanzia namba ndogo inakwenda kubwa. Sasa tega sikio. Sehemu mbili zikigombania jambo moja, inashinda ipi?"

"Yenye namba ndogo. Imewahi."

"Ungekuwa mwanangu ningekufinya. Inashinda iliyosomwa mwisho. Mashine haina msimamo, inamsikiliza aliyeongea mwisho."

"Kama bosi wetu," ilisema sauti kutoka mashine ya tatu. Ilikuwa ya mwandikaji mkongwe wa chumba hicho, ambaye wote walimwita Shangazi. Alisema hivyo bila kuinua vidole kwenye kibodi.

"Ndiyo maana mpangilio ni kila kitu," Mama Mpangilio aliendelea. "Sehemu zote zaweza kuwa nzuri, kila moja na akili zake. Ukizipanga ovyo, zinafutana."

Kwa siku mbili alimfundisha kila sehemu inafanya nini, na katikati ya mafunzo mfasiri alipata habari zake vipande vipande. Aliingia kiwanda cha uchapaji akiwa na miaka kumi na sita. Kazi yake ilikuwa kukusanya kurasa: marundo ya karatasi yanapangwa kuzunguka meza ndefu, yeye anazunguka akiokota moja moja kwa zamu hadi kitabu kitimie mkononi, kisha anaanza tena. Alizunguka meza hiyo miaka minne. "Mpaka leo nikilala naota nimeruka ukurasa," alisema. Baadaye walimpandisha kusoma na kusahihisha. Kompyuta zilipokuja, wanaume wawili wenye vyeti walishindwa kuzifanya ziandike alama za sauti, na yeye asiye na cheti hata cha kidato cha nne akakaa nazo kwa kamusi na subira, akisoma maelezo ya watu wa mbali asiowajua, sentensi kwa sentensi, hadi zikatii.

Sasa alikuwa anakwenda chuo. Chuo cha ufundi wa kompyuta kilikubali kumpokea bila cheti, mradi alete barua ya mwajiri yenye saini, inayoeleza kazi aliyoifanya. Alitakiwa kuripoti Jumamosi kabla ya adhuhuri. Basi lilikuwa la Ijumaa, saa nane mchana.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alikuwa ameshapanda basi, simu ikamfuata: programu imeboreshwa, mashine zote zimechanganyikiwa, hakuna ajuaye sehemu ipi ikae wapi. Alishuka katikati ya safari na sanduku lake, akavuka barabara kungoja gari la kurudi. Mara ya pili hakufika hata stendi. Safari hii chuo kilimwandikia kwa adabu kwamba hakitamwandikia tena.

"Binti yangu yuko huko mwaka wa tatu," alisema, na simu yake ikalia wakati huo huo kana kwamba imetajwa. Aliiweka mezani, sauti wazi, akaendelea kufuta vumbi kwenye kibodi.

"Mama, umeshafunga mizigo?"

"Tangu Jumapili."

"Sasa naomba jambo moja. Tukikutana kantini, usinifute mdomo."

"Nitakufuta, tena kwa leso niliyoitemea mate, na wenzako wote wanaona."

"Basi mimi nahama chuo."

"Hama. Kitanda chako nitachukua mimi."

Mfasiri alicheka hadi Shangazi akamgeukia. Alikuwa amezunguka nchi nyingi akitafuta watu wa kuwaandika, na huyu alikuwa ameketi tu, kama asiyejua kwamba anatazamwa. Au pengine alijua, na hakuona ajabu.

Ijumaa saa mbili asubuhi mhariri mkuu aliingia amekumbatia boksi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, aliyesahihisha hata tangazo la mlango wa choo. Alitoa kompyuta mpya, ya saba, akaiweka mezani.

"Mashine hii haina kitu," alisema. "Mgeni wetu ataipangia sehemu zote kwa kufuata daftari. Daftari tu. Asichungulie namba za mashine za zamani. Na wewe, dada yangu, utakaa nje kwenye ngazi. Usiguse, usinong'one. Ikifunguka sawasawa, natia saini barua yako papo hapo."

"Na isipofunguka?" aliuliza Mama Mpangilio.

"Basi tutakuwa tumejua kwamba hata ukiwa ndani ya basi, bado hujaondoka."

Mfasiri alitaka kuuona huo kuwa ukatili, akashindwa. Bwana huyu alikuwa na vitabu vya watoto vinavyongojwa shuleni, na ofisi yake nzima ilikuwa inaishi ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Mama Mpangilio alichukua kigoda chake. "Lipo kila kitu humo," alisema akilikabidhi daftari. "Nimeliandika kwa ajili ya mtu mjinga. Simaanishi wewe." Akatoka na kuketi kwenye ngazi, sanduku ubavuni.

Daftari lilikuwa na jalada gumu. Kila sehemu ilipewa ukurasa wake: jina, kazi yake, na mstari wa chini kabisa unaosema ikae wapi. *Iwe mbele ya Kibodi. Iwe nyuma ya Rangi.* Kwa siku mbili walikuwa wamesoma pamoja kazi za sehemu, lakini mstari huo wa chini hawakuujadili hata mara moja, maana ulikuwa wazi mno. Mfasiri alikata vipande vya karatasi, akaviandika majina, akavipanga sakafuni toka mlangoni hadi dirishani kama watu waliojipanga kungoja huduma. Aliyeambiwa awe mbele, alimsogeza karibu na mlango. Aliyeambiwa awe nyuma, alimrudisha kuelekea dirishani. Kisha akawapa namba: wa mlangoni moja, wa dirishani arobaini na moja. Saa tano alikuwa ameshazihamishia zote kwenye mashine mpya, na hakuwa na wasiwasi wowote.

Aliiwasha. Rangi zilikuja, kibodi ilitii, maandishi yalitokea makubwa na ya kupendeza. Mhariri mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika na kumwita Shangazi aandike mstari wa kwanza wa kitabu cha darasa la kwanza. Shangazi aliuandika akitazama dirishani, maana alikuwa ameshauandika mara nyingi kuliko jina lake: *Ng'ombe anang'ang'ania kamba.* Aliporudisha macho kwenye skrini, palisomeka hivi:

*Ŋombe anaŋaŋania kamba.*

"Mwanangu," alimwambia mfasiri polepole, "ng'ombe wako ameota mkia hadi kwenye jina."

Herufi hiyo, n yenye mkia, ilikuwa ya lugha ndogo. Sehemu iitwayo Lugha Ndogo iliamuru kila *ng'* igeuke kuwa hiyo. Sehemu ya Kiswahili ilikuwa na kazi ya kuitengua amri hiyo kwenye vitabu vya Kiswahili, ili ritifaa, kile kialama cha juu baada ya *ng*, ibaki mahali pake. Kwa hiyo ya Kiswahili ilipaswa kusomwa mwisho, nayo mashine ilikuwa imeisoma mwanzo.

Mhariri mkuu hakucheka. "Dada, ingia."

Mama Mpangilio aliingia, mikono nyuma, akainama mbele ya skrini. "Kiswahili umekipa namba ngapi?"

"Tisa."

"Na Lugha Ndogo?"

"Thelathini. Daftari limesema Kiswahili kiwe mbele ya Lugha Ndogo. Nimekiweka mbele."

"Umekiweka nyuma."

"Tisa iko mbele ya thelathini, dada."

"Tisa iko nyuma, kaka. Ukiwa unasoma ukurasa wa tisa, wa thelathini uko wapi? Si huko mbele? Mwandishi akisema 'tutaona huko mbele,' unarudi jalada la kwanza kutazama?"

Mfasiri alinyoosha kidole kwenye vipande vyake vya karatasi sakafuni. "Na kwenye foleni," alisema, "aliye mbele ndiye anayeanza."

Mashine ya saba ilivuma.

"Kwa hiyo mkutano ukisogezwa mbele," aliuliza Shangazi, "ni mapema au ni baadaye?"

"Baadaye," alisema mhariri mkuu.

"Ah. Ndiyo maana ule wa mwaka jana nilikaa peke yangu."

Mfasiri aliona aibu ya aina yake. Alikuwa amevuka mipaka kwa lugha saba na nusu, na neno lililomwangusha lilikuwa la lugha aliyoinyonya. Lakini maisha yake yalikuwa foleni: madirisha ya viza, madawati ya forodha, stesheni. Kwake mbele palikuwa pale wanapogonga muhuri. Mama Mpangilio naye alikuwa amezunguka meza ya kurasa, na kwake mbele ni ukurasa ambao hujaufikia.

Mama Mpangilio alikuwa anapitisha kidole hewani juu ya orodha, bila kuigusa. "Hukukosea hata moja," alisema. "Umezikosea zote, kwa utaratibu mzuri kabisa. Zigeuze tu. Ya kwanza iwe ya mwisho."

Mfasiri aligeuza namba zote, moja ikawa arobaini na moja, kisha akaifunga programu na kuifungua upya. Shangazi aliandika. Ng'ombe alirudi na ritifaa yake, anang'ang'ania kamba kama zamani. Mfasiri akachukua kalamu na kuandika kwenye jalada la daftari: *Mbele maana yake ni baadaye.* Mhariri mkuu alitoa kalamu yake ya wino na kuifungua kifuniko.

"Ila," alisema Shangazi, pua ikiwa karibu kugusa skrini, "mbona maandishi yamekuwa mayai ya chawa?"

Ilikuwa kweli. Maandishi makubwa yaliyowekwa kwa ajili ya macho yake yalikuwa yametoweka. Mhariri mkuu alirudisha kifuniko na kuitia kalamu mfukoni. Ilikuwa saa sita na robo.

Mama Mpangilio alinyoosha mkono kuelekea kibodi.

"Usiguse," mhariri mkuu alimkumbusha, bila ukali.

"Sigusi. Nasoma." Alifungua daftari ukurasa wa ishirini na nane, ule wa Maandishi Makubwa, akasoma kwa sauti mstari wa chini: "Iwe nyuma ya Umbo." Akausoma tena. Sehemu ya Umbo ndiyo iliyopanga ukubwa wa kawaida. Maandishi Makubwa yalipaswa kusomwa baada yake, ili yashinde. Kwenye ukurasa huu, na huu peke yake, nyuma ilikuwa na maana ya baadaye. Maana ya foleni. Ya mfasiri.

"Hukuniambia unajua lugha yangu," alisema mfasiri.

Mama Mpangilio alikuwa anatazama tarehe iliyoandikwa pembeni mwa ukurasa. "Huu ni mwaka wa hospitali," alisema. "Nilikuwa nampeleka mama. Miezi minne, tunapanga mstari tangu kabla ya jua, kisha nakuja hapa kazini. Nadhani mwaka ule mbele ilikuwa dirisha la dawa."

Mhariri mkuu alitazama sakafu. Alikuwepo mwaka huo, na alikumbuka nani hakukosa kazini hata siku moja.

"Maneno ya jaladani hayatoshi," Mama Mpangilio alisema, na sauti yake ikarudi ilipokuwa. "Hatujui nimejipanga foleni kwenye kurasa ngapi. Tuzipitie zote. Tufute mbele zote na nyuma zote."

"Tuweke nini?" aliuliza mfasiri.

"Wewe ndiye mfasiri."

Alifikiri. "Isomwe kabla ya. Isomwe baada ya."

Mama Mpangilio alikunja uso. Kwa muda ilionekana kama atakataa, maana yalikuwa maneno yake ya miaka kumi na moja, na hakuna mashine iliyowahi kuyalalamikia. Kisha akavuta kigoda. "Andika."

Walifanya kama wanavyofanya kiwandani wasahihishaji wawili: mmoja anasoma kwa sauti, nukta na mkato, mwenzake anafuata. "Ukurasa wa kwanza. Rangi. Isomwe kabla ya Umbo. Nukta. Wa pili. Kibodi. Isomwe baada ya Rangi. Nukta." Kwenye kila ukurasa Mama Mpangilio alitua, akajiuliza ni sehemu ipi inapaswa kushinda, ndipo akatamka. Mfasiri aliandika namba kwenye mashine. Walipofika ukurasa wa tano mhariri mkuu alishindwa kuvumilia kuona kosa linarekebishwa bila yeye. Alivuta kiti, akachukua kalamu nyekundu na kuanza kukata maneno ya zamani daftarini, akiandika mapya juu yake kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka.

"Wa kumi na tatu," alisema Mama Mpangilio.

"Polepole, sijamaliza wa kumi na mbili."

"Bosi, basi halinisubiri mimi wala nukta zako."

"Nukta ni nukta."

Hawakupata ukurasa mwingine wa foleni. Ulikuwa ule mmoja. Saa saba na dakika ishirini mfasiri alifunga mashine na kuiwasha tena. Shangazi aliandika mstari wa Kiswahili: ng'ombe mzima, ritifaa mahali pake, herufi kubwa kama vifungo vya koti. Akafungua faili la lugha ndogo, akaandika neno moja, na n ikatokea na mkia wake, kama inavyotakiwa. Alirudi nyuma kwenye kiti na kukunja mikono.

"Mimi sina neno," alisema.

Mhariri mkuu aliitoa barua kwenye bahasha. Mama Mpangilio alikuwa ameiandika mwenyewe wiki mbili zilizopita. Mhariri mkuu aliisoma yote, akahamisha mkato mmoja, akasita.

"Sentensi ya tatu ni ndefu mno."

"Ikate."

Aliitazama tena. Ilikuwa ndiyo sentensi inayoorodhesha kazi zake. "Hapana," alisema. "Acha iende hivyo." Akatia saini, akapuliza wino, akampa kwa mikono miwili.

Mama Mpangilio aliikunja mara moja tu, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Alimshika Shangazi mkono kwa muda mrefu, wakinong'onezana jambo lililowachekesha wote wawili. Mwisho akamgeukia mfasiri.

"Kaka, jambo moja sikukwambia. Sehemu ya kumi na saba siku za baridi hukataa kusomwa."

Mfasiri akashika kalamu. "Inafanyiwa nini?"

"Nakutania. Baki salama."

Aliinua sanduku. Mhariri mkuu alitaka kumpokea, akamkatalia, na hatua zake zikasikika kwenye ngazi za nje, nzito kwa sababu ya mzigo, hazikupunguza wala kuharakisha. Mfasiri alimwona kwa dirisha akivuka barabara katikati ya pikipiki, mkono mmoja kaunyoosha kuzizuia kama mtu mwenye mamlaka hayo. Pikipiki zilisimama. Akapinda kona ya duka la vioo, akatoweka.

Mhariri mkuu alirudi chumbani kwake. Mfasiri alivuta kiti cha meza ya mwisho, akakishusha kidogo, maana miguu yake ilikuwa mifupi kuliko ya Mama Mpangilio, akaketi.

"Mwanangu," Shangazi aliita kutoka mashine ya tatu, "hii kitu inaniuliza swali."

"Inauliza nini?"

"Inauliza kama nina hakika."

"Na unayo?"

"Mimi ninayo. Yenyewe ndiyo sijui."

"Basi bonyeza ndiyo, Shangazi," alisema mfasiri, "nakuja kuangalia."